Kilichoko Kibo ni barafu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari mkoani Kilimanjaro. Mwanafunzi wangu ameandika kwamba "theluji ilinyesha kileleni usiku kucha", na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili amemkata kwa kalamu nyekundu, akisema kwamba theluji huanguka, hainyeshi. Naomba uamuzi. Naomba pia unieleze kama ni sahihi kusema kwamba theluji ya Kilimanjaro inayeyuka, maana ndivyo vitabu vyetu vinavyosema.

JIBU: Nianze na lililo jepesi. Kitenzi kunyesha kimetokana na kunya, neno la kale la mvua ambalo bado linaishi katika mashairi, na sisi sote husema kwamba mvua ya mawe imenyesha, ingawa kilichotupiga vichwani ni vipande vigumu vya barafu. Ikiwa mawe hayo yameruhusiwa kunyesha, sioni sababu ya kuinyima theluji ruhusa hiyo. Kuanguka ndiko kulikozoeleka zaidi katika maandishi, na mimi mwenyewe huandika kwamba theluji huanguka, lakini mwanafunzi wako hakuvunja kanuni yoyote ya lugha. Mrudishieni alama yake.

Sasa niingie katika sehemu ya pili ya swali lako, Mwalimu, kwa sababu hapo ndipo penye kosa ambalo limenichosha kwa miaka mingi, na ambalo hakuna kalamu nyekundu inayolikata. Weupe wote ulioko juu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kilimanjaro, tumezoea kuuita theluji. Magazeti huuita hivyo, hotuba za mazingira huuita hivyo, na vitabu ambavyo watoto wetu huvikariri kwa ajili ya mtihani huuita hivyo. Leo utasoma kwamba theluji ya Kilimanjaro inatoweka, na baada ya masika mazuri utasoma kwamba theluji ya Kilimanjaro imerejea. Msomaji mwenye akili timamu akiziweka habari hizo mbili pamoja ataamua kwamba moja ni uongo, na mara nyingi huamua kwamba uongo ni ile ya kutoweka, kwa kuwa asubuhi hiyo yeye mwenyewe ameutazama mlima kutoka Moshi akauona mweupe hadi mabegani. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Vitu viwili vimepewa jina moja, basi.

Theluji ni ile inayoshuka kutoka mawinguni ikiwa chembe nyepesi zilizojaa hewa. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya huweza kuwa na uzito wa kilo 100 hivi tu. Ikiangukia mahali ambapo haiondoki yote kabla ya nyingine kuja juu yake, ile ya chini hukandamizwa, hewa hutolewa, chembe hushikana, na baada ya miaka kadhaa au mingi hupatikana kitu kigumu, kizito, chenye rangi inayoelekea samawati, ambacho mita yake moja ya ujazo hufikia kilo 900 hivi. Hicho ndicho barafu. Ni maji yaleyale, kama vile dafu, koroma na nazi zilivyo tunda lilelile. Na Mswahili wa pwani, ambaye hawezi kuvumilia kuuziwa koroma kwa jina la nazi, anakubali bila kinyongo kuuziwa barafu kwa jina la theluji.

Nasikia hoja kwamba maneno haya ni ya kukopa na kwamba mkopaji ana haki ya kuyatumia apendavyo. Ni kweli kwamba ni ya kukopa. Theluji imetoka katika Kiarabu, thalj, na barafu imetoka katika Kiajemi, barf, ambako maana yake ni theluji, kisha ikazoeleka Bara Hindi kwa maana ya theluji na pia ya barafu. Waarabu nao huita thalj hata kile kipande kinachoelea ndani ya glasi ya sharubati. Kwa hiyo maneno hayo hayakutujia na mgawanyo tulio nao sisi. Kiswahili ndicho kilichoyachukua maneno mawili yaliyoingiliana kikayagawia kazi, theluji ikabeba kinachoanguka na barafu ikabeba kilichoganda kikawa kigumu. Huo ni utajiri tulioutengeneza kwa mikono yetu wenyewe, nasi tunaumwaga kila msimu wa habari za tabianchi.

Inafaa kukumbuka jinsi mkanganyiko ulivyo wa zamani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kuelekea Uchagani, aliona weupe juu ya mlima akamuuliza kiongozi wake ni nini. Kiongozi yule alimjibu kwamba ni baridi. Rebmann akaamua palepale kwamba ni theluji, akaandika hivyo, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akamkatalia kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Ugomvi mzima ulikuwa juu ya theluji. Mimi namheshimu zaidi yule kiongozi, ambaye alikitaja kile alichokuwa na hakika nacho na kukomea hapo.

Wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo la volkeno, ya Kibo mwaka 1889, hawakukanyaga theluji laini. Walilazimika kuchonga vidato kwa shoka, kimoja baada ya kingine, katika ukuta wa barafu ambao Meyer aliupa jina la Ratzel. Barafu ile ya Ratzel haipo tena. Leo wapandaji wengi hufika kwenye ukingo huohuo na Kilele cha Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, wakitembea juu ya vumbi na kokoto, wala hakuna anayewapa shoka. Hata hivyo mpandaji huyohuyo akibahatika kuangukiwa na theluji usiku wa kupanda, atashuka na picha nyeupe tupu na kutangaza kwamba mlima haujapungukiwa na kitu. Theluji aliyoipiga picha huenda ikawa imeondoka kabla yeye hajafika nyumbani. Barafu ambayo Meyer aliichonga haikurudi kwa masika hata moja tangu ilipokwisha.

Ndiyo maana sentensi "theluji ya Kilimanjaro yarejea" hunichoma. Itazame neno kwa neno. Kurejea ni kufika tena mahali ulipopaacha. Theluji inayoanguka juu ya Kibo wakati wa masika na vuli ni mpya kila mara. Hiyo ya mwaka huu haikuwapo mwaka jana ikasafiri. Kinachoweza kuondoka kikatuachia pengo ni barafu, na barafu hairejei kwa majuma mawili ya mvua. Mwandishi ameshika kitenzi cha barafu akaivisha theluji, na kwa maneno manne tu amefuta tofauti kati ya jambo la siku chache na jambo la maelfu ya miaka.

Maelfu ya miaka hayo nayasema kwa msingi. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na wenzake walitoboa barafu ya Kibo wakatoa nguzo nyembamba sita, ndefu kupita zote ikiwa na mita 50 hivi, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002 walikadiria kwamba tabaka la chini kabisa lina umri wa miaka 11,700 hivi. Tabaka kwa tabaka, nguzo hizo zilibeba vumbi la vipindi vya ukame na alama za vipindi vya mvua. Theluji ya jana haibebi kumbukumbu hiyo. Ramani nazo zinaonyesha kwamba barafu ya mlima ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, ikabaki kama 2.5 mwaka 2000, na mwaka 2011 ilikuwa imeshuka chini ya 2. Thompson na wenzake walikisia kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikuisha, na ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilisogeza mwisho huo hadi 2050. Wanaopinga kwamba barafu inapungua huushika ule mwaka 2020, huuweka kando ya picha ya mlima uliofunikwa na theluji ya juzi, kisha hutucheka. Tumewapa silaha hiyo wenyewe, kwa kulegea katika uteuzi wa neno.

Kuna jambo jingine ambalo jina moja hulificha, nalo ni zito kuliko yote niliyokwisha kuyasema. Theluji na barafu zina uhusiano wa mlinzi na mlindwa. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoiangukia, lakini barafu kongwe iliyoachwa wazi, yenye vumbi juu yake, huweza kurudisha chini ya nusu, na mwanga uliobaki huingia ndani yake na kuila. Msimu usio na theluji ni msimu ambao barafu imevuliwa nguo juani. Mwanafunzi aliyefundishwa kuviita vyote viwili theluji hawezi kuielewa sentensi inayosema kwamba barafu ya Kibo inapungua kwa sababu theluji imekuwa haba. Atadhani ameambiwa kwamba theluji imepungua kwa sababu theluji imepungua, naye atakuwa na haki ya kumwona mwalimu wake kuwa hana hoja.

Na hapa nifike kwenye kitenzi ulichokiuliza, yaani kuyeyuka. Samli huyeyuka, mshumaa huyeyuka, barafu ya mwuza samaki huyeyuka, kwa kuwa vyote hugeuka majimaji mbele ya macho yetu. Kileleni mwa Kibo wastani wa jotoridi ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na hewa ni kavu mno. Wataalamu walioichunguza barafu hiyo kwa miaka mingi, miongoni mwao Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, wameeleza kwamba sehemu kubwa yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, na kwamba ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 una mchango mkubwa katika kupungua huko, sambamba na ongezeko la joto la dunia. Kuyeyuka kupo pia, hasa kwenye zile kuta zilizosimama wima zinazopigwa na jua. Lakini anayesema kwamba barafu yote inayeyuka humfanya msomaji aone vijito vikitiririka kutoka kileleni hadi mashambani, wakati maji ya mito inayoshuka kutoka mlimani hutokana hasa na mvua inayonyesha katika ukanda wa msitu. Sema kwamba barafu inapungua, na hakuna mtaalamu atakayekukosoa. Ukitaka neno lenye picha, sema inasinyaa, maana kusinyaa ni kupungua kwa kitu kinachokaukiwa, na hilo linakaribia sana ukweli wa Kibo.

Atakayesema kwamba tofauti hii ni ya wasomi tu, na kwamba watu wa kawaida hawaijali, nitampeleka kwenye njia ya Machame. Kambi ya mwisho kabla ya kupanda kileleni, iliyoko kwenye mwinuko wa mita 4,600 na ushei, inaitwa Barafu. Ndilo jina linalotajwa na wapagazi na waongoza watalii kila siku ya kazi yao, nao hawahitaji kamusi kujua kilichoko juu ya vichwa vyao.

Limebaki neno barafuto, ambalo najua unalikuta katika baadhi ya maandishi ya jiografia, na ambalo mtu husoma ndani yake barafu na mto. Silipendi. Kiswahili kikiunganisha majina mawili, lile la msingi hutangulia: garimoshi ni gari, na mwanamaji ni mwana, wala si maji. Kwa mpangilio huo barafuto ingekuwa barafu ya mtoni, yaani maji ya mto yaliyoganda, na sicho kinachokusudiwa. Mto wa barafu ungetosha, tena ungeeleweka na kila mtu. Lakini neno limeshaingia vitabuni, wanafunzi wanalijua, na mimi sina nguvu za kupigana na kila neno lililozaliwa kichwa chini. Afadhali barafuto mbovu ya umbo kuliko theluji yenye maana ya uongo. Ninachoomba ni kwamba litumike mahali panapolistahili. Zile barafu za mteremko wa kusini, yaani za Heim, Kersten na Decken, zinaning'inia mlimani na kushuka polepole kwa uzito wake, kwa hiyo ziiteni barafuto mkitaka. Ule mkusanyiko wa kaskazini unaokaa juu ya sehemu tambarare karibu na kreta, wenye kingo zilizosimama kama ukuta, ni uwanda wa barafu, na mwanafunzi akiuandika hivyo mpe alama zote.