Faiba, nyuzi au nyuzinyuzi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Daktari kaniambia nile vyakula vyenye faiba, fundi wa intaneti nae anasema anavuta faiba, halafu kuna maboti ya faiba. Ni neno moja hili? Kiswahili chake ni kipi?

Marahaba. Ni neno moja, asili yake Kilatini, fibra, kijiuzi cha ndani ya mmea au mwili, na Warumi waliliita hivyo hata pande la ini maana waaguzi wao walikuwa wanachinja mnyama na kusoma yajayo kwenye ini lake. Likapitia Kifaransa likaingia Kiingereza. Waingereza wanaandika fibre, Wamarekani fiber, ni kitu kilekile.

Sasa kamusi zitakupa ufumwele, wingi fumwele. Neno zuri na mimi nalipenda, ila usilipachike kila mahali, angalia kwanza kinachozungumzwa ni nini. Daktari anamaanisha ile sehemu ya mboga, matunda na nafaka ambayo tumbo haliwezi kuisaga ikaisha, hiyo sema nyuzinyuzi au nyuzilishe, watu wanaelewa. Usiseme "kula nyuzi", utamfanya mtu afikirie cherehani! Na kwenye vitambaa ndo watu wanakosea sana, uzi ni kitu kilichokwisha sokotwa, faiba ni kile kilichopo kabla ya kusokotwa, kwa hiyo hapo fumwele linakaa vizuri kabisa, na kama mmea una jina lake tumia hilo, faiba ya mkonge ni katani, ya kumbi la nazi ni usumba, maneno haya tunayo siku zote tunayaacha yanakufa bure.

Ya intaneti ni vijiuzi vya kioo vyembamba kama unywele vinavyopitisha mwanga, hapo faiba limeshazoeleka na mimi silikatai, ukiwa unasema waya mkubwa wa chini ya bahari tumia mkongo. Boti nalo ni faibaglasi iliyofupishwa, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu.

Pagumu ni kwenye misemo. Kiingereza kinasema mtu hana "moral fibre", na vita ya pili ya dunia jeshi la anga la Uingereza liliwaandikia hivyo warushaji walioonekana wameshindwa kuendelea kuruka. Ukitafsiri "hana nyuzi za maadili" umeharibu, kwanza hapo hawazungumzii maadili, wanazungumzia uimara wa moyo. Andika hana msimamo, au ni mwepesi wa kukata tamaa, kutegemea habari yenyewe. Na mtu akisema anapenda kwa kila faiba ya mwili wake, Kiswahili ni anapenda kwa moyo wake wote, basi.