Udongo husukumwa, ardhi haisogezwi

SWALI: Msomaji wa Pasua, Moshi, anaandika: "Nina picha za marehemu babu yangu, aliyekuwa dereva wa mitambo ya barabara miaka ya 1950. Naziandikia maelezo kwa ajili ya ukoo. Mashine ile yenye cheni niiite katapila au tingatinga? Zikiwa nyingi, ni katapila hizi au makatapila haya? Kichwa nimeshaweka: Mashine za kale za kusogeza ardhi."

JIBU: Nianze na lililo jepesi. Katapila na tingatinga yote mawili ni Kiswahili safi. Katapila limetokana na Caterpillar, kampuni ya Marekani iliyoundwa mwaka 1925 pale Holt na Best walipoungana. Maana yake ni kiwavi, kwa jinsi trekta la cheni la Benjamin Holt lilivyotambaa. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliacha rangi ya kijivu ikachukua njano, na tangu hapo watu wameita kila chuma cha njano katapila. Mimi hilo nimelizoea. Tingatinga halina kiwanda, ingawa Mkenya akilisikia atafikiria trekta la shamba. Kama mashine ya babu ilitoka viwanda vingine, kama Vickers au International, tingatinga au buldoza litakufaa zaidi.

Sasa tuje kwenye kichwa chako, maana hapo ndipo damu imenichemka.

"Kusogeza ardhi" ni Kiingereza, "earth moving", kilichovalishwa kanzu. Nalikuta kwenye mabango ya kukodisha mitambo, kwenye ripoti za miradi, na sasa limeingia kwenye albamu ya ukoo. Ndugu yangu, wewe ni mtu wa Moshi. Huko Uchagani mtu akilalamika kwamba jirani kasogeza ardhi, hakuna anayefikiria mashine. Tunafikiria masale, ile mimea ya mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, yaliyong'olewa usiku na kupandwa hatua mbili ndani ya shamba la mwenzake. Hapo ataitwa mwenyekiti wa kitongoji, wazee wataketi, mashahidi watakumbushana nani alipanda lile sale la kwanza, na shauri likishindikana litafika baraza la ardhi. Kwa Kiswahili chetu, kusogeza ardhi ni kudhulumu mpaka. Babu aliyetengeneza barabara kwa jasho lake umemwandikia hati ya mashtaka chini ya picha yake mwenyewe!

Ardhi ina hati, ina mipaka, ina wizara. Inauzwa, inarithiwa, inagombaniwa. Kinachosukumwa na bledi, lile bamba la chuma mbele ya buldoza, ni udongo. Ukishachimbwa na kupakiwa kwenye tipa ni kifusi. Ukichaguliwa wa kumwaga barabarani ni moramu. Lugha imetupa maneno hayo yote bila deni, nasi tunayaacha ili tukifuate Kiingereza ambako neno moja hubeba udongo, ardhi na hata dunia nzima.

Chukua Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori huko kwa ajili ya mradi wa karanga. Walileta matrekta yaliyobaki Ufilipino baada ya vita, na wakapata mengine ambayo Vickers waliyatengeneza kutokana na vifaru vya Sherman, yakaitwa Shervick. Matrekta mawili yalifungwa mnyororo mzito kati yake, yakaenda sambamba, vichaka vikalala. Mibuyu ilikataa, visiki vikavunja vyuma, kiangazi kikaukaza udongo. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Hesabu vitenzi: walifyeka, waling'oa, walisukuma, walilima. Walikuwa na matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita, na ardhi ya Kongwa iko palepale Kongwa.

Hasara kubwa ya "kusogeza" ni kwamba inazika kazi za watu. Kila mashine ina kitenzi chake. Buldoza husukuma. Eskaveta, au kijiko, huchimba na kupakia. Skrepa hukwangua udongo, huubeba tumboni na kuumwaga mbele ya safari. Greda huchonga barabara, na nenda Unga Limited, Arusha, ukamuulize fundi yeyote, hatakwambia greda "linasogeza" kitu. Rola hushindilia. Dereva wa greda na dereva wa buldoza wana ujuzi tofauti kabisa, na babu yako angeudhika kuona umewachanganya.

Zitazame hizo picha kwa makini. Juu ya mashine nyingi za wakati ule utaona kebo ya chuma inayopita kwenye puli hadi kwenye bledi, na nyuma kuna ngoma ya kuivuta. Hiyo ndiyo iliyoinua bledi. Kushuka, bledi ilishuka kwa uzito wake yenyewe: dereva aliachia, basi. Kwa hiyo andika "akiachia bledi". "Akikandamiza bledi" kunahitaji haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo, yenye nguvu ya kusukuma chuma kwenda chini, na mashine ya kebo haikuwa na nguvu hiyo. Vivyo hivyo, kama picha inamwonyesha ameinama ubavuni mwa injini ya D8, katapila kubwa la cheni, asubuhi, usiandike "akipiga stata". D8 za miaka hiyo zilikuwa na injini ndogo ya petroli, silinda mbili, iliyowashwa kwanza. Hiyo ndogo ilipasha moto maji ya injini kubwa, kisha ikaizungusha mpaka dizeli ikashika. Andika "akiwasha injini ndogo". Wajukuu watauliza injini ndogo ni ipi, na hapo utakuwa na hadithi ya kuwapa.

Neno "kale" nalo liondoe. Kale ni magofu ya Engaruka. Katapila la mwaka 1950 ni la zamani, au ni kongwe kama bado linaunguruma. Kichwa kiwe: Babu na mitambo ya barabara, miaka ya 1950. Neno "mitambo" linatosha kubeba zote, nawe chini ya kila picha utaje mashine yenyewe na kazi iliyokuwa ikifanya, pamoja na mahali kama unapajua.

Kuhusu wingi: katapila hili, makatapila haya, greda lile, magreda yale, tingatinga hilo, matingatinga hayo. "Katapila hizi" naisikia kila siku gereji na sikatizi mtu mazungumzo kwa ajili yake. Kwenye maandishi yatakayosomwa na ukoo mzima, andika makatapila haya.