Hotuba ya Rupiah Banda, na deni lililobaki

Mmeuliza ni hotuba gani ya mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi ambayo haijatutoka akilini, na imeacha nini. Najua wengi watamtaja McCain wa 2008 au Gore wa 2000, wote wa Marekani, nami sina ugomvi nao. Mimi namtaja Rupiah Banda, aliyekuwa rais wa Zambia, tarehe 23 Septemba 2011.

Kura zilipigwa tarehe 20. Matokeo yakachelewa, mahakama ikavizuia vyombo vya habari kutangaza hesabu ambazo Tume ya Uchaguzi haijazithibitisha, na huko Kitwe na Ndola, kwenye ukanda wa shaba, vijana wakaingia barabarani kufanya fujo. Sisi tulioiona Kenya ya mwisho wa 2007 tulijua mambo kama haya huishia wapi. Usiku wa manane Michael Sata, mgombea wa upinzani, akatangazwa mshindi, kwa asilimia kama 42 dhidi ya 35 za Banda.

Banda angetaka visingizio, asingevikosa. Mwaka 2008 alimshinda Sata huyohuyo kwa kura kama 35,000 tu, na Sata hakuyakubali matokeo. Chama cha Banda, MMD, kilikuwa na miaka 20 madarakani. Dola yote ilikuwa bado mkononi mwake.

Badala yake akajitokeza akasema wananchi wa Zambia wamesema, na sote hatuna budi kuwasikiliza. Akakisihi kizazi chake, kile cha wapigania uhuru, kiyapishe mawazo mapya. Akawaomba washindi wawatendee walioangushwa kwa heshima ileile ambayo wangeitaka wao siku yao ya kushindwa itakapowafikia. Machozi yakamtoka. Sata akaapishwa siku hiyohiyo.

Ninaiweka juu ya zile za Marekani kwa sababu ya hatari aliyoibeba msemaji. Gore alikubali baada ya Mahakama ya Juu kumaliza kesi, na hakuwa na sababu ya kuhofia kwamba atakamatwa. Banda aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Mzee Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na aliyaona yaliyompata Mzee. Kaunda alishindwa uchaguzi 1991 akaachia madaraka baada ya miaka 27, bila vurugu. Mwaka 1996 katiba ikarekebishwa kwa namna iliyomfungia njia ya kugombea tena, eti wazazi wake walitoka Malawi. Siku ya Krismasi ya 1997 akatiwa mbaroni.

Zamu ya Banda nayo ikafika. Machi 2013 Bunge likamvua kinga, akashtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka kuhusu mkataba wa mafuta ya Nigeria. Mwaka 2015 mahakama ikamwachia huru. Sisemi rais mstaafu asiguswe, maana aliyeiba ajibu. Ila uwanjani tunaambiana asiyekubali kushindwa si mshindani, na huku siasani aliyekubali ndiye huyo tukamwona kizimbani. Marais wengine walikuwa wanatazama, na hesabu wanazijua.

Pamoja na hayo, njia aliyoipita Kaunda na baadaye Banda haijaota nyasi. Mwaka 2021 Rais Edgar Lungu aliachwa na mpinzani wake Hakainde Hichilema kwa karibu kura milioni 1. Alianza kwa kudai uchaguzi haukuwa huru wala wa haki, kisha akalihutubia taifa akakubali. Hiyo ikawa mara ya tatu Zambia kubadilisha chama tawala kwa kura, na Wazambia sasa wanaitarajia hotuba ya namna hiyo kama wanavyotarajia kiapo.

Ombi lile jingine la Banda, la heshima kwa aliyeshindwa, ndilo ninaloona bado linadaiwa. Lungu alifariki Afrika Kusini Juni 2025, na familia yake na serikali ya Zambia wakafikishana mahakamani Pretoria kugombania mahali pa kumzika.