Leseni ya daraja E na usukani wa semi

Unauliza kama ukipata leseni ya daraja E, ile ya magari makubwa, utapewa semi (lori la kuvuta tela) moja kwa moja. Hapana ndugu, usitarajie kukabidhiwa semi eti kwa sababu daraja E umeshalipata. Huku Mtwara matajiri wengi, yaani wenye magari, wanakuanzishia kwenye Fuso au tipa, ama unapanda kwanza kama dereva wa pili. Mimi nashusha makaa ya mawe ya Ruvuma hapa bandarini, hao wapya nawaona wanavyoingia.

Kinachowachosha ni kusubiri kuliko kuendesha. Korosho zikianza kutoka, kuanzia Oktoba, unaweza kulala chini ya tela ukingoja zamu ghalani, posho inayeyuka. Elewana na tajiri mapema: posho ni ya safari au ya siku?

Halafu mizani ya barabarani. Gari la ekseli saba mwisho ni tani 56, gari na mzigo, ila uzito wa ekseli nao unaangaliwa. Mzigo ukiegemea nyuma unakamatwa hata jumla ikiwa sawa. Simama mwenyewe wakati wa kupakia, usimwachie utingo (naye yuko kwenye simu).

Kampuni kubwa zina utaratibu wao, baadhi zinataka na cheti cha NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji.