Kwa mzazi ambaye kijana wake anakata kila x anayoiona

Mkuu, umesema kijana wako yuko kidato cha pili, hesabu za kawaida hana shida nazo, ila akipewa sehemu zenye x anakatakata juu na chini mpaka daftari linafanana na wavu wa kuvulia. Umeuliza kama umtafutie tuisheni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, huu ni mwaka wa tisa, na nianze kwa kukiri kwamba huo ugonjwa nimewahi kuulea mwenyewe.

Niliwahi kutoa swali la kurahisisha (x² − 9)/(x + 3). Binti mmoja akaandika x − 3. Nikapiga vema, tukaendelea. Wiki iliyofuata nikasimama nyuma yake akilirudia. Kumbe alikata x² kwa x ikabaki x, akakata 9 kwa 3 ikabaki 3, alama ya kutoa akaiacha palepale. Jibu sahihi, njia ya hovyo kabisa! Nikampa (x² + 9)/(x + 3), akaniletea x + 3 bila wasiwasi wowote. Nikamwambia aweke 2 mahali pa x. Juu ikaja 13, chini 5. Kwa jibu lake inatakiwa itoke 5 kamili, wakati 13 kwa 5 haifiki hata 3. Akaniangalia kama vile nimemdhulumu, na kwa kweli nilikuwa nimemdhulumu.

Shida inaanzia shule ya msingi. Mtoto anafundishwa 12/18, anakata, anapata 2/3. Mkono unakumbuka kukata, kichwa kimesahau kwamba 12 ni 6 × 2 na 18 ni 6 × 3, na kilichoondoka ni ile 6 iliyokuwa inazidisha pande zote mbili. Sasa akikuta (x + 6)/6 anafuta 6 zote mbili na kuandika x. Mimi huwa nawauliza hivi: mna maandazi 6, jirani kaleta mengine 12, nyinyi mko 6. Kila mtu anakula mangapi? Wote wanasema 3. Basi kwa hesabu yako ya kukata, x ikiwa ni yale 12 ya jirani, kila mtu anakula 12, yaani 72 jumla wakati mna 18 tu, hayo maandazi mengine 54 yametoka jiko gani?

Halafu kuna lugha. Msingi walisema rahisisha, kigawo (namba inayogawa nyingine bila baki), kiasi (namba ya juu ya sehemu), asili (namba ya chini). Kidato cha kwanza vitu vilevile vinakuja kwa Kiingereza, na wengi hawajui kama ni vilevile. Kaa naye umwulize kwa Kiswahili kigawo ni nini. Utashangaa.

Wangu siku hizi hawaruhusiwi kukata chochote kabla juu na chini hapajawa mabano yanayozidishana. Mfano (x² − 5x + 6)/(x² − 9). Juu ni (x − 2)(x − 3), chini ni (x + 3)(x − 3). Bano la (x − 3) lipo pande zote, linaondoka zima zima, inabaki (x − 2)/(x + 3). Na hapo wanakoma, ingawa kuna ambaye lazima atatamani kukata na hizo x zilizobaki. Wakimaliza wanapima kwa namba, tuseme 4: swali linatoa 2/7, jibu nalo 2/7. Asitumie 0 wala 1, hizo zinaficha makosa mengi. Hapa 3 nayo haifai, asili inakuwa sifuri.

Mtego mwingine ni (3 − x)/(x − 3). Wengi wanaandika 1. Ni −1, na kupima kwa namba kunamwumbua mtu papo hapo.

Tuisheni usikimbilie. Robo saa jioni inatosha, muanze na namba tupu. Kama anakata 12/18 vizuri lakini hawezi kukuonyesha 6 imetoka wapi, x iacheni kwanza.