Bitana laini za meno bandia: maji yanaingia, kilainishi kinatoka

Mwenye uzi anauliza kwa nini bitana ya akriliki (tabaka laini la plastiki upande wa meno bandia unaogusa fizi) ya mgonjwa wake imekakamaa ndani ya miezi michache, wakati meno yanalazwa kwenye maji kila usiku. Anashangaa pia kwamba alipoipima uzito, haikuwa imepungua.

Bitana ikiwa majini, mambo mawili hutokea kwa pamoja: maji yanaingia na vilivyomo vinatoka. Akriliki hulegezwa na kilainishi, mara nyingi cha jamii ya fthaleti, ambacho hakijafungwa kikemikali kwenye polima (minyororo ya plastiki yenyewe). Mate na maji hukichota kidogo kidogo. Maji yanayoingia hayawezi kuziba pengo hilo, kwa hiyo bitana inakuwa ngumu hata kama mizani inaonyesha uzito ule ule. Bitana za muda za kutuliza fizi huharibika mapema zaidi, kwa sababu zina ethanoli inayoanza kutoka saa za mwanzo kabisa. Hizo zibadilishwe kila baada ya siku chache, zisiachwe mdomoni hadi zikwaruze.

Ukitaka kujua ukweli, pima mara tatu. Tengeneza diski ya kipenyo cha mm 50 na unene wa mm 0.5 (ujazo wake ni kama mm³ 982). Ikaushe juu ya silika jeli (punje za kufyonza unyevu) kwa 37°C hadi uzito utulie, iloweke siku 7 kwa 37°C, futa maji ya juu, pima, kisha ikaushe tena hadi uzito utulie. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Tuchukue mfano wa hesabu: kavu g 1.1000, baada ya maji g 1.1150, kavu tena g 1.0920. Ukiishia kipimo cha pili utasema imenyonya mg 15. Kumbe imenyonya mg 23 na kupoteza mg 8. Hizo 8 ndizo ulaini uliopotea.

Msichukue namba za diski mkazipeleka mdomoni moja kwa moja. Muda wa maji kupenya hukua kwa mraba wa unene, na bitana iliyobanwa kwenye plate (sehemu ngumu ya meno bandia) iko wazi upande mmoja tu, wakati diski hupata maji pande zote mbili. Kwa materiali ile ile, bitana ya mm 2 inahitaji muda mara 64 wa diski hiyo ili ifikie hali ile ile (safari ya maji ni mm 2 dhidi ya mm 0.25, yaani mara 8, na mraba wake ni 64).

Maji yenyewe pia yana neno. Ndani ya materiali kukiwa na chembe zinazoyeyuka, maji huzifuata na kuunda vitone vidogo, na msukumo wa osmosisi unaendelea kuvuta mengine. Maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chumvi) huvimbisha zaidi kuliko maji ya chumvi au mate bandia. Andika umetumia yapi, la sivyo namba zako hazilinganishiki na za mwingine.

Bitana ya silikoni haihitaji kilainishi, minyororo yake ni laini yenyewe, kwa hiyo hudumu laini muda mrefu zaidi. Udhaifu wake uko kwenye kiungo: bila praima yake (kipakwa cha kuishikiza) haishiki akriliki ya plate, na maji yakipenya ukingoni yanaibandua. Safisha plate isiwe na mafuta, acha praima ikauke kwa muda wa maelekezo, na usiache ukingo mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Unene uwe mm 2 hadi 3, ila msichonge plate hadi ivunjike.

Mgonjwa aambiwe: maji ya kawaida usiku, kamwe yasiwe ya moto, brashi laini na sabuni ya maji. Vidonge vya mapovu hutoboa vijishimo kwenye bitana za muda, na fangasi wa Candida hupata pa kujificha. Dawa ya klorini isizidi dakika 10, na isitumike kabisa kama plate ina chuma.