Altrasaundi ya "vipimo vitatu" au ya "pande tatu"?

Swali: Natafsiri maelezo ya wagonjwa hospitalini kuhusu altrasaundi inayopitishwa mdomoni. Mwenzangu ameandika: "Altrasaundi ya vipimo vitatu huchunguza uvimbe wa koo na tumbo." Mimi nataka "ya pande tatu". Nani amepatia?

Jibu: Kihesabu, mwenzako. Urefu, upana na kina ni vipimo. Pande tatu ni za pembetatu. Lakini karatasi hiyo haisomwi darasani. Hospitalini kipimo ni kile unachofanyiwa: kipimo cha damu, cha choo, cha malaria. Mgonjwa akisoma "vipimo vitatu" ataelewa kwamba atapimwa mara tatu, na pengine ataulizia bei ya kila kimoja. Andika "ya pande tatu", watu wameshaizoea, kisha uifafanue palepale.

Kilichonikera mimi ni "koo", maana kinachochunguzwa hapa ni umio. Chakula kikishapita kooni huingia kwenye umio, mrija unaoshuka kifuani hadi mfuko wa tumbo. Hata magazeti huandika "saratani ya koo" yakikusudia umio, na hapa Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio imeenea kuliko sehemu nyingi za dunia, kuchanganya viungo hivi si jambo dogo. "Tumbo" nalo linapotosha. Ukitaja altrasaundi ya tumbo, mtu anawaza kupakwa jeli juu ya ngozi kama mjamzito, kumbe hii hupitishwa mdomoni, ikiwa kwenye ncha ya endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera. Huko ndani kifaa huzunguka huku kikivutwa polepole, na kompyuta huunganisha vipande vya picha kuwa umbo zima, kiasi cha kuweza kukadiria hata ujazo wa uvimbe.

Nyote wawili mmekisahau kina, nacho ndicho daktari anachokitafuta zaidi. Ukuta wa umio huonekana kama matabaka matano, meupe na meusi yakipishana. Tabaka ambalo uvimbe umelifikia husaidia kuamua aina ya tiba. (Msiandike "kimo", tafadhali. Kimo ni cha kwenda juu.)

Ningeiandika hivi: "Altrasaundi ya pande tatu hupitishwa mdomoni ili kuona uvimbe wa umio au wa mfuko wa tumbo: urefu wake, upana wake na kina ulichofikia."